Jile Namba Kumi na Nne

Tulimwita Papa Pilote. Jina lake la kweli nililisikia mara moja tu, na sitaliandika hapa kwa sababu hata mke wake hakulitumia. Kwa miaka sita alinivusha mto kila asubuhi kutoka Lubunga, ninakoishi, hadi ng'ambo ya mjini, ninakofundisha darasa la tatu, na jioni akanirudisha. Sauti yake niliijua kuliko uso wake, maana yeye alikaa nyuma kwenye mota na sisi abiria tulimpa mgongo.

Nataka kumweleza kama alivyokuwa, ukali wake na ubahili wake na yote. Lakini kabla sijaanza niseme jambo moja, ili anayesoma asiniamini kupita kiasi. Mtu huyu nilimwibia. Nilichoiba kilimuua mdogo wangu Sifa, na lawama akaibeba yeye mbele ya watu, nami nikakaa kimya. Nilikaa kimya miaka mitatu.

Kitu cha kwanza mtu alichokijua kwa Papa Pilote ni kwamba aliogopa upepo, na hakuona haya kuuogopa. Kabla ya kuondoka alisimama kwenye libongo, pale mitumbwi inapofungwa, akatazama moshi wa ng'ambo ambako wanawake hukausha samaki. Moshi ukipanda wima, aliwasha mota. Ukilala, aliketi juu ya bidon tupu la mafuta akavua kofia. Sote tulijua maana yake. Kofia ikishavuliwa, hata askofu angengoja.

Mbele ya mtumbwi wake kulikuwa na fimbo yenye kipande cha kitenge chekundu. Kikianza kucheza katikati ya mto, hakujali tena tunakoenda. Aligeuza pua ya mtumbwi kuelekea upepo unakotoka, akatupeleka huko huko polepole, hata kama ni mbali na mji, hata kama mabosi wetu wanatazama saa. Alisema upepo ukiukuta mtumbwi ubavu umeukuta bila nguo. Tulifika mara nyingi tumelowa, tumechelewa, na tumetua mahali ambapo hatukupataka. Lakini tulifika.

Siku moja walikuja watu wa arusi, wamevaa kitenge cha aina moja, matarumbeta mkononi. Moshi wa ng'ambo ulikuwa umelala. Papa Pilote akavua kofia.

"Papa, tunachelewa ku mariage!" akalia shangazi wa bwana arusi.

"Mukichelewa, iko mariage," akasema. "Mukizama, iko matanga. Donc muikale."

Walimtukana kwa Kiswahili, kwa Lingala, na mmoja kwa Kifaransa kizuri sana. Yeye akawa anapangusa kofia yake tu. Mvua iliponyesha, ilinyesha ya kung'oa mabati, na watu wa arusi wakajibanza naye chini ya turubai moja. Shangazi hakumwomba radhi, ila alimpa kipande cha kuku.

Mota yake ilikuwa ya nguvu za farasi kumi na tano, imechubuka rangi yote, na aliitunza kuliko wengi wetu tunavyotunza wazee wetu. Ilifungwa kwa kamba mbili. Ya kwanza ilikuwa nene, imeshika ubavu wa mtumbwi, ili mota isianguke. Ya pili ilikuwa nyembamba na ndefu sana, na mwishoni mwake kilining'inia kibidon kidogo cha njano. Hiyo ilikuwa ya siku ambayo kamba ya kwanza ingeshindwa, ili mota ikizama, kibidon kielee juu kionyeshe ilipolala. Vijana walimtania kwamba hata mota ina jile lake, koti lake la kuelea.

"Njo vile," akakubali. "Na hiyo haikatalaka kuvaa."

Kwenye elisi, yale mapanga yanayozunguka majini, kulikuwa na kipini kidogo cha shaba. Elisi ikigonga jiwe au gogo lililozama, kipini kinakatika, mota inazunguka bure, lakini elisi inapona. Alikuwa na vipini kumi na zaidi kwenye kopo la maziwa. Siku moja kikakatika katikati ya mto, na abiria mmoja, fundi wa kuchomelea, akamwambia kwa nini usiweke msumari wa chuma, ukamaliza kazi. Sijawahi kumwona Papa Pilote amekasirika vile. Alisimamisha kazi, akainua kile kipini kilichokatika juu ya kichwa chake tukione wote.

"Hii iko kazi yake kukatika! Ukiweka ya nguvu, hii haivunjike, elisi njo inavunjika. Halafu utaenda ku nyumba na nini? Na mikono?"

Maji yalipopungua na mawe yakasogea karibu, alizima mota mapema, akainyanyua, tukapigiwa kasia sehemu iliyobaki huku tukinung'unika. Kongo ya sika nayo, yale magugu yanayoelea, aliyazunguka kwa mbali kama mtu anayepita nyumba yenye ugonjwa. Na jioni aliifungua mota, akaipangusa, akaifunga juu ya toleka, baiskeli ya kukodi, kisha akatembea pembeni yake mpaka Mangobo, anakoishi, huku ameishika bega. Mke wake, Mama Pilote, alitusimulia siku moja alipomletea chakula.

"Anaiingiza mu chumba," akasema. "Miye nalala ku ukuta, yeye ku mulango, mota katikati. Ikikohoa anaamuka. Miye nikikohoa, ananiambia nigeuke."

Papa Pilote alitazama maji kana kwamba anazungumziwa mtu mwingine.

Kulikuwa pia na yule bwana wa ofisi fulani, sitaitaja, aliyepanda na suti ya rangi ya maziwa na kukataa kuvaa jile. Jile ni lile koti la kuelea, la rangi ya machungwa, lenye sponji ndani. Bwana yule alisema lingemchafulia suti. Papa Pilote hakubishana. Alingoja tufike katikati, akazima mota, akakunja mikono. Mto ukatuchukua. Mji ukaanza kurudi nyuma, gati, maghala, miti.

"Pilote, unafanya nini?" akauliza bwana.

"Miye? Hakuna. Niko nangoja chef avae."

Tukashuka na maji. Mama mmoja wa mafuta ya mawese akaanza kucheka, halafu wote. "Chef, vaa! Tutalala Barumbu!" Mwingine akasema yeye ana shemeji huko Barumbu, atatupokea vizuri, samaki wapo. Bwana akavaa. Papa Pilote akawasha mota, na baada ya hapo akasema neno moja tu, tena kwa upole, akionyesha mto. "Mayi haijuaka chef."

Sasa lazima nieleze kosa letu, sisi watu wa Lubunga, maana sidhani kama kuna wengine wanaolifanya hivi. Mbao za kukalia kwenye mtumbwi huwa zimelowa daima. Nasi ni watu wa kujipenda. Huwezi kufika kazini na kitenge kilicholowa nyuma, watoto wa darasa la tatu watakucheka mpaka likizo. Kwa hiyo tulipopewa majile, tuliyakalia. Mwanamke analichukua, analikunja mara mbili upande mkavu juu, anaketi vizuri, anapanga mzigo wake. Pilote wengine hawakujali. Papa Pilote alitaka kulia.

Sponji likikaliwa kila siku linasagika. Kwa nje jile linaonekana zima, rangi ipo, vifungo vipo, lakini ndani limekufa, na likiingia majini linakunywa. Alituambia hayo mara elfu. Mimi mwenyewe alinikuta nimekalia langu wiki yangu ya kwanza.

"Madame," akasema kwa upole, "unaikalia jile?"

"Ubao iko na mayi, Papa. Naenda ku masomo."

"Ubao iko na mayi kidogo. Ku chini iko na mayi mingi."

Nililitoa. Lakini niseme ukweli, siku ambazo hakutazama nilirudia. Tulirudia wote.

Alikuwa na majile ishirini, aliyoyakusanya moja moja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, aliyapeleka kwenye maji mafupi, akafunga kila moja kwenye mfuko wa mchanga, akalitia majini, kisha akaketi kula makemba ya kuchoma bila haraka. Ndizi ikiisha na jile bado linaelea, limefaulu. Likiwa limeinama au limezama, alilitoa, akaliminya kwa vidole kama mama anayenunua parachichi, akalitenga. Nyumbani, kwa mkasi wa mke wake, alikata mikanda yake, halafu akalikata lenyewe vipande viwili. Mama Pilote alijaza sponji kwenye mito.

Kwa ajili ya mkasi huo watu walimwita bahili. Mitumbwi mingi haikuwa na jile hata moja, na yeye anayakata! Walimwomba. Aliwakatalia wote kwa maneno yale yale: "Mutu bila jile anaogopa. Mutu wa jile ya kufa haogope." Tuliyasikia kama visingizio.

Nisije nikamfanya malaika. Papa Pilote hakujua kuogelea, na alikataa kujifunza. Alikuwa na viatu vyeupe alivyobeba kwenye mfuko na kuvivaa akishuka tu, na ole wake aliyevimwagia maji. Mtu huyu aliyetufunga mikanda mpaka tukakosa pumzi, nilimwona siku moja mjini amepakiwa kwenye pikipiki, watu watatu na mbuzi, bila kofia ngumu, anacheka. Kesho yake nikamuuliza, Papa, na usalama? Akanijibu kwa uso mkavu, "Barabara inanijuaka."

Udhaifu wake mwingine ulikuwa heshima aliyowapa watu wa kalamu. Yeye aliyemwacha bwana wa suti achukuliwe na mto hakuweza kumkatiza mwalimu akiongea. Nilipopanda alivua kofia kidogo, akairudisha. Alipotaka kuandika namba kwenye majile, aliniletea kopo la rangi nyeusi na brashi shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa kama mzazi aliyeitwa kwa kosa la mtoto.

"Yangu iko mubaya," akasema, akionyesha mkono wake. "Madame iko na mwandiko muzuri."

Nikaandika moja hadi ishirini, kwa madaha, na nne zangu zina mkia. Alizisifu njia nzima.

Sifa alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Baba na mama walipofariki tulilelewa na Tonton, mdogo wake baba, na Sifa akakua akifanya biashara ya pondu. Majani ya muhogo lazima yafike sokoni mapema, yakiwa na umande bado, na mwenye kufika wa kwanza ndiye apataye pahali pazuri. Papa Pilote hakuondoka kabla ya jua kuonyesha magogo majini. Kwa hiyo Sifa na wenzake walipanda mtumbwi wa mtu mwingine, alfajiri, bila jile hata moja. Nilikuwa nikilala vibaya kwa ajili hiyo. Mara mbili nilimwomba Papa Pilote moja la yale ya kukatwa. Mara mbili alikataa, na mara ya pili alisema, "Ngoja, Madame. Nikipata ya muzima, ya kwanza iko ya mutoto wako." Alimwita Sifa mtoto wangu. Nikamwona mchoyo.

Mwezi ule majile matatu yalishindwa mtihani wa makemba. Mkasi wa Mama Pilote ulikuwa kwa jirani mshonaji, basi akayafunga pamoja kwa kamba na kuyaweka nyuma ya mtumbwi, akiyabeba kwenda na kurudi, yasitoke machoni pake, mpaka mkasi upatikane. Namba kumi na nne lilikuwa juu. Nililitazama Jumatatu jioni njia nzima. Lilikuwa zuri, rangi imepauka kidogo tu. Tulipotua Lubunga niliwaacha wengine washuke, nikasema natafuta mwavuli. Yeye alikuwa ameinamia mota. Nikalichomoa, nikalitia kwenye mfuko wangu pamoja na madaftari ya watoto, nikamwambia, "Papa, kesho." Akavua kofia kidogo.

Sifa alilipokea kwa kuruka. "Yaya!" akaniita, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. "Umeitoa wapi?" Nikamwambia nimepewa. Akalivaa akacheza nalo uani, Tonton akacheka mpaka akakohoa. Usiku huo nililala vizuri.

Ijumaa asubuhi nilifika kwenye libongo la Lubunga na vitabu vyangu, nikakuta hakuna mtumbwi unaovuka. Moshi ulikuwa umelala chini kabisa. Nilitazama ng'ambo, na ingawa ni mbali, nilijua kwamba Papa Pilote ameketi juu ya bidon na kofia iko magotini. Kisha nikasikia wanawake wanapiga kelele upande wa chini wa mto.

Mama mmoja aliyenusurika ndiye aliyenieleza. Upepo ulikuwa umeshaanza walipokuwa wakipakia. Wengine walisita. Sifa alipanda wa kwanza. "Miye niko na jile," alisema, na akawatania wenzake kwa woga wao. Upepo uliukuta mtumbwi ubavu. Ulipopinduka, wale mama wakaushikilia ulivyo, tumbo juu, wengine wakashika mabidon, wakapiga kelele mpaka wavuvi wakafika. Sifa hakushika kitu. Alikuwa amelala chali mikono imefunguka, mama yule alisema, kama mtu anayengoja kubebwa. Aliwaambia msiogope. Halafu akaanza kushuka, polepole, na yeye mwenyewe akashangaa.

Tulimpata kabla ya saa sita, kwenye nyavu. Kati yao wote aliyekufa ni yeye peke yake.

Papa Pilote alikuja kwenye matanga siku hiyo hiyo mchana, upepo ulipotulia. Jile lilikuwa limeanikwa kwenye ukuta wa uani, zito, linachuruzika. Tonton alikuwa akiuliza kila aliyeingia, hii namba ni ya nani? Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake, waliomwambia asiniulize kitu, aniache nilie. Nne yangu na mkia wake ilinitazama.

"Iko yangu," akasema Papa Pilote, kofia mkononi. "Ilikuwa ya kukata. Sikuikata."

Tonton alisimama. "Donc weye njo uliachia mutoto wangu jile ya kuua?"

Vijana wakamsukuma Papa Pilote, mmoja akamwita kwa jina lake la kweli, kwa dharau, ndipo nikalisikia. Alipepesuka, akajiweka sawa, akaomba kitu kimoja, apewe jile. Watu wakaguna. "Hata ku matanga anafuata vitu yake!" alisema jirani mmoja, na mwanamke aliyekaa karibu nami akatema mate. Papa Pilote alilichukua ukutani, akalikumbatia na maji yake yote, akatoka. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa mahali pake. Nililia kwa sauti zaidi, na watu wakanishika mikono wakidhani ni uchungu tu.

Tangu siku hiyo hakuendesha tena. Mtumbwi na mota alimwachia mkwe wake. Tonton alitukataza tusimsalimie, na Lubunga nzima ikamaliza kesi: bahili yule, kumbe ni mzembe pia.

Mwaka huu mama wa mwanafunzi wangu mmoja alinunulia familia yake majile matatu. Akayaleta darasani, na kopo la rangi. "Madame, tuandikie namba. Banasema uko na mwandiko muzuri." Niliishika brashi. Nikaiweka mezani. Nikamwambia arudi Jumatatu, na Jumamosi asubuhi nikaenda Mangobo.

Nilimkuta kwenye uwanja wa nyumba yake, anafungua mota ya mtu mwingine juu ya meza. Amekonda. Aliponiona mkono ulikwenda kichwani, lakini hakuwa na kofia, basi akagusa nywele tu. Mama Pilote akaleta kiti, akatuacha.

"Papa," nikasema, "ile jile haukuiacha. Miye niliiiba."

Aliweka bisibisi chini.

"Najua, Madame."

Nilidhani sikusikia. Akasema tena, taratibu, akitazama vidole vyake vyenye grisi.

"Jumatatu ile nilihesabu ku nyumba. Ilikosa moja. Nikajiuliza, nani alibakia nyuma? Madame. Mwavuli. Na mvua haikunyesha siku ile." Akafuta kidole kimoja kwa kitambaa. "Bon. Nikasema, kesho nitamuuliza. Kesho ukapanda, ukaniambia bonjour muzuri. Haya ikanishika. Nitamuuliza Madame kama yeye iko mwizi? Miye, mutu wa mota? Nikasema, kesho. Siku tatu, Madame. Asubuhi na mangaribi. Mara sita nilikuvusha na sikuuliza."

"Lakini ulisema mbele ya watu..."

"Nilisema nini? Nilisema sikuikata. Iko kweli."

Nililia hapo kwenye kiti chake, na sikumwomba mtu anishike. Hakunibembeleza. Alingoja, kama alivyongoja mvua. Kisha akamwita mke wake kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akamwambia alete kile kitu. Mama Pilote alitoka ndani na jile namba kumi na nne. Mikanda yote ilikuwepo. Alikuwa ameleta na mkasi.

"Niliichukua ku matanga ili mutu mwingine asiivae," akasema Papa Pilote. "Lakini kukata, nashindwa. Kila mwezi nashindwa. Tukate."

Mkasi ulikuwa butu. Yeye aliuvuta mkanda ukakaza, mimi nikakata. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika kwenye namba, alishika upande mmoja na mimi mwingine, na sponji lilipofunguka likatoa harufu ya mto, baada ya miaka yote hiyo.

Nilimwambia nitamwambia Tonton leo leo. Hakusema ndiyo wala hapana. Alivaa viatu vyake vyeupe, akanisindikiza mpaka kwenye libongo la mjini, ambako hakuwa amekanyaga miaka mitatu. Watu waliacha kuongea. Alitazama moshi wa ng'ambo kwa muda mrefu, nasi tukangoja wote, mpaka ukasimama wima. Mkwe wake akanipa jile. Papa Pilote alilinyang'anya, akaliminya hapa na hapa, akanirudishia, akanifunga mkanda mwenyewe mpaka nikakosa pumzi.

"Tonton yako atanigombeza?" nikamsikia ananiuliza, kwa sauti ya chini.

"Hapana, Papa. Miye njo atanigombeza."

"Iko muzuri," akasema. "Kugombezwa hakuuaka."

Mbao zilikuwa zimelowa. Nilikaa juu yake hivyo hivyo, na kitenge changu kikanywa maji mpaka Lubunga, ambako Tonton alikuwa ameketi uani akinitazama ninavyokuja.